Mwezi wa Krismasi Umeandama Mkunazini

Kendwa,
Ijumaa, 12 Disemba 2025

Mwanangu Klementi,

Baada ya salamu. Simu yangu imeangukia kwenye sufuria la supu ya pweza. Tumeifukia ndani ya mchele, mchele umeharibika na simu haijasema neno. Ndiyo maana nakuandikia. Mmanga, yule anayeleta mboga hotelini kwetu kutoka mjini, atakupa barua hii na kuchukua jibu lako. Najua hutanuna, kwani wewe unapenda kuandika kuliko kusema.

Neno lenyewe ni zito kidogo. Likizo ya Krismasi sikupata. Hoteli imejaa, na sisi wa jikoni tutapumzika kwa zamu. Zamu yangu ni Jumapili ya tarehe 28, siku hiyo moja tu. Nimemwomba meneja mara tatu. Mara ya tatu alinipa koti la kazi badala ya jibu.

Baba yako ukimpa kazi ya kuwaambia wadogo zako, atakwenda kununua misumari. Kwa hiyo waambie wewe. Prisila kwa miaka yake saba anataka sababu ya kila jambo, na Deo kwa minne yake anataka kubebwa. Usiwafiche, ila waambie taratibu, wasilie.

Mambo mengine unayajua. Tawi la mvinje la kupamba ataleta Mmanga. Pango la Mtoto Yesu limo ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda. Yule ng'ombe aliyevunjika pembe mwacheni hivyo hivyo, tumemzoea. Kuku achinjwe na Mzee Muhiddin wa ghorofa ya chini, kama kila mwaka, ili sahani zetu zilike kwa majirani. Nguo mpya zimo kabatini, zisivaliwe kabla ya sikukuu. Na baba yako asipike pilau.

Mama yako,
Leokadia


Mkunazini,
Jumapili, 14 Disemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Pole kwa simu.

Nimewaambia. Kwanza niliandika nitakayosema, kama insha, yenye utangulizi na kiini. Utangulizi haukufika mwisho, maana Deo alianza kutetemesha mdomo, ikabidi nibadilishe mpangilio kidogo. Lakini wamelipokea neno lako vizuri kabisa. Hakuna aliyelia. Wanajua utakuja tarehe 28 na wana subira nzuri. Prisila hata amefurahi. Jioni hupanda juu ya paa tunapoanika nguo, yeye na Deo na Munir, mjukuu wa Bi Mwanamkasi, wakakaa huko kwa utulivu mkubwa.

Nilipompa Baba habari ya zamu yako alisema "Aa," kisha akaenda kununua misumari.

Kalenda ya ukutani nimeiteremsha. Msumari wake ulikuwa umelegea.

Mwanao,
Klementi


Kendwa,
Jumanne, 16 Disemba 2025

Mwanangu Klementi,

Prisila amefurahi? Prisila huyu niliyemzaa mimi? Mwaka jana alilia nusu siku kwa sababu nyota ya karatasi ilikuwa na pembe tano naye alitaka sita. Na utulivu juu ya paa ndio unanitia hofu zaidi. Watoto wakinyamaza, mama hunyanyuka akaangalie.

Tena msumari umelegea? Ndani ya nyumba ya seremala?

Lakini wewe si mtu wa uongo, kwa hiyo nashukuru. Mimi kazi yangu ni ile ile, kukata mananasi. Wageni hapa wana Baba Krismasi wao, hupita ufukweni jioni na gunia. Simjui vizuri. Sipati nafasi ya kumtazama.

Mama yako,
Leokadia


Kwa Mama,
Alhamisi tarehe 18

Shikamoo Mama. Ni mimi Prisila. Barua hii ni siri, nimempa Mmanga mwenyewe, kaka hajui.

Mwezi bado haujaandama. Kila magharibi tunautafuta. Deo ameona ndege ya abiria mara mbili akasema ndio huo. Kaka ametuambia Krismasi ni kama Idi, haiji mpaka mwezi uonekane, na mwaka huu utaonekana Jumamosi tarehe 27, kwa hiyo Krismasi ni Jumapili na wewe utakuwepo. Nimefurahi.

Lakini Munir anasema mtu hawezi kujua mwezi utaonekana lini kabla haujaonekana, hata Mufti hawezi. Nilimuuliza kaka, akasema amesoma kitabuni. Bi Mwanamkasi alikuwa karibu, akakohoa mpaka akapewa maji. Nilimuuliza Baba, akasema muulize Klementi.

Nilimuuliza kaka kwa nini mwaka jana hatukuutafuta mwezi. Akasema tuliutafuta, ila mimi nilikuwa mdogo nikalala mapema.

Kalenda iko chini ya godoro lake. Nimeiona lakini sijasema.

Prisila Makungu


Kendwa,
Ijumaa, 19 Disemba 2025

Klementi Makungu,

Barua ya mdogo wako nimeisoma jikoni. Nimecheka mpaka nikajikata kidole, kisha nikakasirika, kisha Mwatima, mwenzangu wa jikoni, akaniuliza kuna nini, nikamsomea, tukacheka tena sote wawili mpaka mpishi mkuu akatutoa nje.

Mwezi wa Krismasi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwenye zawadi ya jiografia ya skuli.

Mwanangu, nimeelewa kwa nini ulifanya hivyo, na hilo tutazungumza. Lakini sikiliza kwanza. Hivi wewe, kabla ya kusema mwezi utaandama tarehe 27, uliuangalia mwezi wenyewe? Mwatima kwao Kiwengwa. Anasema mama yake na wenziwe wa mwani wanatayarisha kamba na vigingi, bamvua linaingia, maji yatakauka mpaka mbali. Mtoto yeyote wa pwani angekwambia maana yake: mwezi mpya uko mlangoni. Utaonekana Jumapili hii, mkubwa wa kutosha hata Deo auone. Na Krismasi ni Alhamisi.

Waambie kweli kabla ya Jumapili magharibi. Nakusihi.

Mama yako


Mkunazini,
Jumatatu, 22 Disemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Ijumaa imenifikia leo asubuhi. Mmanga anasema gari lilikatika springi Mahonda, na barua ikalala huko pamoja na kabichi. Umeandika niwaambie kabla ya Jumapili magharibi. Nimeisoma Jumatatu.

Sikuuangalia mwezi, Mama. Niliangalia tarehe tu. Deo alikuwa ameanza kulia, nikatafuta neno lolote litakalomnyamazisha, na kwa nje nikasikia Munir anaimba wimbo wa Idi. Neno likatoka lenyewe. Baadaye kila siku lilihitaji neno jingine la kulishikilia. Jana kanisani, Padri alipofika kwenye matangazo, nilimtoa Prisila nje kunywa maji, na hakuwa na kiu.

Jana hiyo hiyo jioni nilikuwa ndani nasoma. Nikasikia Prisila anashuka ngazi za paa kwa makalio, ndivyo anavyoshuka akiwa na haraka. Hakusimama kwangu. Alipita moja kwa moja mpaka uchochoroni, na Munir nyuma yake akipiga kifuniko cha sufuria. "Umeandama. Kesho Krismasi. Tumeuona wenyewe."

Nilipanda juu. Ulikuwepo, Mama, upande wa baharini, mwembamba na safi kabisa. Sijapata kuuchukia mwezi kabla ya jana.

Nilipoteremka uchochoro ulikuwa umejaa. Mzee Muhiddin alishatoka na kisu chake. "Nnasikia sikukuu imewahi," akaniambia. "Kuku yuko wapi?" Bi Mwanamkasi akanivuta pembeni. "Mwanangu, huo mwezi wa Rajabu," akasema. "Lakini kama na nyinyi mnautaka, karibuni. Mwezi haukatai mtu." Deo alikuwa amevaa nguo mpya, na alilala nazo, na viatu. Nikamgeukia Baba, aliyekuwa mlangoni na randa yake mkononi, nikamwomba aseme neno. Akasema, "Na mimi nimeuona."

Basi nikaongeza jingine, Mama. Nikasema mwezi kuonekana hakutoshi, lazima Padri atangaze. Nilidhani hilo litanipa siku moja ya kufikiri. Asubuhi Prisila alimchukua Munir na Deo, wakaenda kwa Padri kutoa ushahidi. Nilipogundua nikawafuata mbio, nikawakuta wameshafika. Padri alikuwa anapanga mabenchi.

"Padri, tumeuona mwezi," Prisila akasema.

"Mwezi gani?"

"Wa Krismasi. Jana baada ya magharibi. Mashahidi wangu hawa."

Padri akaweka benchi chini, akakaa juu yake. Akamtazama Munir. "Wewe uliuona kwa macho yako?"

"Naam. Pembe zilielekea juu."

"Hapakuwa na wingu?"

"Lilikuwepo, likapisha."

"Na huyu mdogo?"

"Huyu Deo," Prisila akasema. "Yeye huona na ndege. Usimhesabu."

Padri akaniona mimi nyuma ya nguzo. "Klementi, habari hii ya mwezi imeanzia kwako?" Nilitaka kueleza, lakini unajua sauti yangu ilivyo mbele ya watu. Niliitikia kwa kichwa. Basi Padri akamwambia Prisila kwamba ushahidi wake ni mzuri kuliko wa watu wazima wengi aliowasikiliza, na mwezi aliouona ni wa kweli, ila Krismasi haingoji mwezi. Ina tarehe yake, nayo ni Alhamisi.

Nilikuwa nangoja alie. Hakulia. Njiani akaniuliza, "Mwezi uliutunga?"

"Ndiyo."

"Na Mama kuja Jumapili umetunga?"

"Hapana. Hilo kweli."

"Nitajuaje?"

Sasa anasema Mama haji, yote ni hadithi moja, na kama Mama haji hakuna Krismasi. Amelifunga boksi la pango kwa kamba ya Baba, amelikalia, na chakula analetewa hapo hapo. Deo naye anamuuliza kila anayeingia kama mama yake ametungwa.

Tafadhali mwandikie. Maneno yangu humu ndani hayana mnunuzi tena.

Kuna jingine. Mmanga ameniuliza leo, "Mama yako, zile ndevu hazimwashi?" Nikamuuliza ndevu gani, akawasha gari akaondoka. Mama, ndevu gani?

Mwanao,
Klementi


Kendwa,
Jumanne, 23 Disemba 2025

Kwa Prisila peke yake. (Klementi, najua unasoma. Basi msomee na Deo.)

Mwanangu, kaka yako alikosea. Nami nilikosea pia, maana yeye alitunga mwezi na mimi nilificha ndevu.

Yule Baba Krismasi wa hotelini ni mimi. Mwenye kazi hiyo amepata nyingine Kiwengwa, na lile koti aliloacha halikumwenea mtu ila mama yako. Kila jioni namaliza mananasi, navaa koti jekundu la kitambaa kizito, mabuti, na ndevu za pamba, napita ufukweni nikiwagawia watoto wa wageni zawadi walizonunuliwa na wazazi wao. Jasho linanitoka mpaka ndevu zinakuwa kama kitambaa cha kudekia. Juzi mtoto mmoja alizivuta, zikabaki mkononi mwake. Akanitazama, akazitazama, kisha akanirudishia kwa adabu na kunipa pole.

Sikuwaambia kwa sababu niliona vibaya. Mikono yangu inawapa watoto wa watu, na wangu mnaningoja. Niliona afadhali mjue nakata mananasi.

Kaka yako hakutunga mwezi ili akucheze shere. Alitaka Krismasi isinipite mimi. Alipotaka kuiburura siku tatu mbele, alikuwa ananingojea, kama wewe.

Nakuja Jumapili. Sina kitabu cha kukuonyesha, wala mashahidi. Mmanga ataniteremsha mlangoni kabla ya chakula cha mchana. Fungua hilo boksi, ng'ombe hapati hewa.

Mama yako anayekupenda


Kwa Mama,
Ijumaa tarehe 26, sikukuu ya pili

Shikamoo Mama. Jana ilikuwa Krismasi, lakini haijaisha. Munir amesema Idi ina siku nne: sikukuu mosi, pili, tatu na nne. Nikahesabu, Jumapili ni sikukuu ya nne. Nilikwenda kumuuliza Padri kama Krismasi ina siku nne. Akasema inazo nane. Nikamwambia nne zinatosha.

Jana tulikwenda kanisani na Deo alilala. Mzee Muhiddin alichinja kuku. Baba alipika pilau. Alisema ulimkataza kaka asimwachie, yeye hukumkataza. Pilau iliingia moshi. Tulipeleka sahani kwa majirani wote, na zote zimerudi na chakula chao, maana sahani hairudi tupu. Bi Mwanamkasi alirudisha yetu na pilau yake akasema, "Mpe baba yako pole." Kwa hiyo tumekula vizuri.

Boksi nimelifungua. Wote nimewaweka chini ya mvinje. Mtoto Yesu bado, yuko mfukoni mwangu. Atazaliwa ukifika.

Munir anauliza kama utakuja na ndevu. Deo anasema usije nazo, ataogopa.

Kaka nimemsamehe nusu. Usipokuja simsamehe hata hiyo.

Prisila Makungu


Mkunazini,
Jumatatu, 29 Disemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Jana jioni, ukiwa umeshapanda gari la Mmanga, uliuliza kwa nini hatukukuamsha. Uliuliza ukiwa karibu kulia. Baba akatazama gurudumu, mimi nikamtazama Baba, na gari likaondoka. Najibu sasa.

Prisila alikuwa mlangoni tangu tuliporudi kanisani. Hakusema anakungoja. Alisema anahesabu paka. Ulipoteremka hakukimbia, nadhani uliona. Alisimama kwanza akutazame kutoka juu hadi chini, kisha ndipo akakushika mkono mpaka kwenye pango, mkamweka Mtoto pamoja. Ukala vijiko vichache, ukasema utajiegesha kidogo ukutani mpaka chai iwe tayari. Chai ilipokuwa tayari, ulikuwa umelala juu ya mkeka, na kijiko bado mkononi.

Tulikuwa tumetayarisha mengi. Prisila alikuwa na wimbo, na Munir wa kumwitikia. Deo alikuwa na shairi la mistari miwili, anajua wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeandika maneno ya kukuomba radhi, na nilikuwa nimeazimia kuyasoma kwa sauti. Nikasogea kukuamsha, ili nisome kabla ujasiri haujaniishia. Prisila akanishika shati. Akatikisa kichwa.

Deo akakupapasa kidevu kwa muda mrefu. Akasema, "Hazipo." Kisha akajilaza chini ya kwapa lako, naye akasinzia.

Baba ana mlango wa mteja ambao ulitakiwa jana. Hakugonga hata nyundo moja. Alikaa kwenye ngazi akiutia msasa kwa mkono, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

Na majirani walikuja, Mama. Uchochoro mzima ulijua ni sikukuu ya nne. Bi Mwanamkasi alikuja na halua, Mzee Muhiddin na kanzu yake iliyopigwa pasi, na watoto wote waliopiga masufuria usiku ule wa mwezi. Prisila alisimama mlangoni na kidole mdomoni. "Krismasi imelala," akawaambia. "Rudini alasiri." Wakarudi alasiri. Akawaambia, "Bado." Mzee Muhiddin alikibana kikohozi chake mpaka alipofika chini kabisa, tukakisikia kinatoka chote kwa pamoja. Lakini hakuna aliyekasirika, na hakuna aliyeondoka na sahani yake.

Honi ya Mmanga ndiyo iliyokuamsha. Ulisema umeipoteza siku nzima. Najua ulivyojisikia, na ndiyo maana naandika haraka, barua iondoke na gari la leo.

Kila aliyefika mlangoni jana aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mama amekuja kweli. Prisila hakumjibu hata mmoja. Aliusukuma mlango kidogo tu, wasikie wenyewe unavyokoroma.

Mwanao,
Klementi